Tulikwenda Shamba Kutafuta Matunda

Somo: Injili ya Luka, sura ya 13, mstari wa 6 hata wa 9



Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za matembezi yetu ya shamba, hapa kisiwani Unguja. Msidhani ya kuwa ni habari ya kujifurahisha tu, ingawa kweli tulifurahi. Tulikwenda kama watu waendao kudai, tukarudi kama watu waliosamehewa deni. Nasi twaona si vema kuificha habari hiyo, maana yawahusu wote wanaofundisha na wanaotunza makundi ya Bwana, na kila Mkristo aliye na rafiki akaaye mbali.

Kwanza fungueni Injili mkasome somo letu. Bwana Yesu anasimulia habari za mtu mwenye mtini katika shamba lake la mizabibu. Mwaka wa kwanza akaja kutafuta matunda, asiyaone. Na wa pili vivyo hivyo. Na wa tatu. Ndipo akamwagiza mtunza shamba aukate, maana wakaa bure na kuiharibu ardhi. Mtunza shamba hakumbishia kwa kuusifu mti. Aliomba mwaka mmoja tu, apate kuupalilia na kuutilia samadi, ndipo mti uhukumiwe. Lishikeni neno hilo, kisha msikilize.

Katika usharika wetu yuko mzee mmoja, ambaye hatutamtaja jina, aliyehamia Unguja kutoka bara katika ujana wake. Yeye na mkewe wanakaa upande wa Kizimbani, wakilitunza shamba la bibi mmoja Mwislamu, jirani yao. Ni shamba la eka tatu, kama yale waliyogawiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964. Mzee huyu hakuwa mtu wa kukosa ibada. Kila Jumapili alitoka alfajiri kwa gari la shamba, yeye na mkewe, na pakacha la ndizi au mihogo kwa ajili ya sadaka. Lakini tangu Sikukuu ya Pentekoste hawakuonekana tena. Jumapili moja ikapita, na ya pili, hata zikawa zaidi ya ishirini.

Katika mkutano wa wazee daftari la washarika likafunguliwa. Mbele ya jina lake palikuwa patupu. Hapakuandikwa sadaka wala ahadi. Mmoja akasema, labda amerudi bara. Mwingine akasema, labda amevutwa na mambo ya dunia. Wa tatu akasema, mtu akikaa sana shambani humsahau Mungu. Maneno hayo yalisemwa kwa upole, lakini hakuna aliyeuliza, “Je, yu mzima?” Tukatia alama kwa kalamu ya risasi penye jina lake, na maana ya alama hiyo ni kwamba asipokuwa na sababu njema, jina lifutwe. Tukachaguliwa watatu kwenda kumwuliza: Mwalimu wetu, mzee mmoja wa kanisa, nasi tunaoandika haya.

Tulitoka Jumamosi asubuhi, katika siku za vuli. Tulianza safari Mkunazini, katika Mji Mkongwe, tukapita kando ya kanisa kuu la ndugu zetu Waanglikana. Wengi wenu mwajua ya kuwa mahali pale palikuwa soko la watumwa, hata lilipofungwa mwaka wa 1873, wakati wa Seyyid Barghash. Na siku ya Noeli ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Tulipita pale tukiwa na haraka, tukizungumza habari za daftari. Hatukukumbuka kwamba palepale watu walisimamishwa wakahesabiwa meno na kutazamwa misuli ya mikono, na hapana aliyewauliza habari za mioyo yao. Tulikuja kulikumbuka jambo hilo jioni, tulipokuwa tukirudi.

Gari likatuchukua kwa njia ya pwani, Mtoni hata Bububu, kisha likageuka kuingia ndani ya kisiwa na kupanda kilima cha Kidichi. Hapo hewa hubadilika. Joto la mawe ya mjini huachwa nyuma, na harufu ya karafuu huja kabla mtu hajauona mkarafuu. Kando ya njia tuliona majamvi yametandikwa, na karafuu zimeanikwa juani, nyingine zikiwa bado kijani na nyingine zimekwisha kugeuka rangi ya kahawia. Kizimbani ni miongoni mwa mahali pa kwanza katika kisiwa hiki palipopandwa mikarafuu, katika karne ya 19. Mwaka wa 1872 tufani kubwa iliivunja mikarafuu mingi mno ya Unguja, na wenye mashamba wakalazimika kuanza tena kwa miche. Na mkarafuu si mti wa haraka: mche mchanga hufa ukiachwa katika jua kali, kwa hiyo hutiwa kivuli na kunyweshwa, na miaka sita au saba au zaidi hupita kabla haujazaa vema.

Tulipofika tukapiga hodi. Sauti ikatoka ndani ya miti, “Karibuni! Karibuni, wageni wa Mungu!” Mzee akatokea, na kijiti chembamba mkononi, kama mwiba wa mchungwa. Tukamwamkia, naye akaitikia kwa furaha. Kisha akasema, “Nisameheni, Mwalimu. Niko kazini hata yapata saa nne, maana maua haya hayangoji. Nifuateni tu, tutazungumza huku nikifanya.”

Basi tukamfuata, na hivyo ndivyo tulivyotembezwa bustanini, sisi tuliokuja kuhukumu.

Ndugu, shamba lile ni zuri sana. Minazi i juu kabisa. Chini yake mikarafuu, mfenesi na mwembe mkubwa. Chini tena migomba, na mananasi na mihogo katika mistari. Mpilipili manga umepanda juu ya mti mwingine kama mtoto mgongoni mwa mamaye, wala haupandi bila wa kuushika. Tukaonyeshwa mdalasini, na majani ya mchaichai, na mizizi ya manjano. Mzee akatukatia dafu kila mmoja, akatuchagulia nanasi lililoiva.

Akatuonyesha pia mikungumanga miwili. Mmoja ulikuwa umejaa matunda, na yale yaliyopasuka yalionyesha kokwa iliyofungwa kwa utando mwekundu kama wavu. Wa pili haukuwa na kitu. Mzee wa kanisa akauliza kwa nini haukatwi. Akajibu, “Mkungumanga una dume na jike, nawe hujui umepanda upi hata utoe maua, na hiyo ni miaka mitano, sita, saba. Huu haujatoa ua bado. Labda ni dume. Nao madume hutakiwa wachache, maana bila wao majike hayazai. Mimi namwagia maji wote wawili.” Hatukusema neno, ila Mwalimu alitutazama.

Kisha tukafika penye vanila, nayo ndiyo kazi iliyomshika asubuhi ile. Wengi wa wasomaji wetu wa bara hawajauona mmea huo. Ni mtambaa upandao juu ya miti, wenye majani manene na maua ya rangi ya kijani hafifu. Asili yake ni Meksiko, na huko wako wadudu wanaoyahudumia maua yake. Huku kwetu wadudu hao hawapo. Kwa hiyo ua la vanila haliwezi kuzaa lenyewe. Hufunguka asubuhi moja tu. Mtu asipolijia asubuhi hiyo, akaliunganisha kwa mkono wake, hunyauka, likaanguka bila tunda. Akilijia, tunda hushika, nalo hukaa mtini yapata miezi tisa kabla halijakomaa.

Aliyeivumbua njia nyepesi ya kufanya hivyo alikuwa mtumwa. Jina lake lilikuwa Edmond, kijana wa miaka 12, katika kisiwa cha Réunion, mwaka wa 1841. Kwa kijiti na kidole gumba aliinua kile kigozi kidogo ndani ya ua, akazigusisha sehemu mbili, na kazi ikaisha. Njia yake ikaenea katika nchi nyingi zilimazo vanila, zikapata mali. Yeye aliachwa huru mwaka wa 1848, akapewa na jina la pili, Albius, lakini alikufa maskini. Hata leo mkulima wa Unguja aushikapo ua la vanila afuata mkono wa mtoto yule.

Mzee wetu alifanya kazi hiyo kwa vidole vinene vya mtu aliyezoea jembe. Alikwenda polepole, akitoka ua hata ua. Mara tukasikia sauti nzito kidogo, isiyotamka vema, “Lile la kushoto. Umelipita.” Tukageuka. Chini ya mwembe, juu ya kiti cha kamba, aliketi mkewe. Mkono wake wa kuume ulilala mapajani kama kitu kisicho chake. Kwa mkono wa kushoto alishika ufito mrefu, akimwonyesha mumewe maua aliyoyasahau.

Ndipo mzee akatuambia yote, bila manung'uniko. Juma lile la Pentekoste mkewe aliamka hawezi kusimama; ni kiharusi. Kazi ya vanila ilikuwa yake mama, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi. Sasa mzee humwogesha, humlisha, humgeuza usiku. Na maua yakija, huyahudumia yeye, maana fedha ya vanila ndiyo inunuayo dawa. Hawezi kumwacha peke yake hata kwa saa chache. Bibi mwenye shamba, yule jirani Mwislamu, huja kila siku kusaidia kumwogesha mama, na huleta uji. Hata siku ile alikuja, akatukuta, akarudi kwake, kisha akatuletea mihogo iliyopikwa kwa nazi, na chai ya mchaichai. Alipotaka kwenda zake tukamwomba akae. Akacheka, akasema, “Starehe, wanangu. Kaeni na mgonjwa wenu, amewangoja sana.”

Ndugu, chakula kile kilikuwa kitamu, nasi tulikila kwa shida.

Mwalimu akajaribu kuanza maneno tuliyotumwa. Akasema, “Mzee wetu, sisi tumetumwa na wazee...” Asiweze kumaliza. Mama akaitikia yeye kwanza. Akasema, “Nilijua mtakuja. Kila Jumapili nilimwambia huyu, leo watakuja.”

Kisha mzee akauliza, si kwa hasira, ila kama mtu atakaye kujua, “Je, salamu zangu hazikufika? Mwezi wa Juni nalimpa kijana auzaye machungwa pale Darajani, nikamwambia, wape watu wa kanisani.”

Ndugu, salamu zile zilifika. Zilifika kwetu sisi tuandikao maneno haya. Tulizipokea sokoni, tukamwambia yule kijana, “Vema, tutakwenda,” nasi tulikuwa na mkutano siku ile, na kesho yake shughuli nyingine, na juma lililofuata tukasahau. Tulipoketi mbele ya daftari, tukaona nafasi tupu, hatukukumbuka kwamba sisi ndio tulioiacha tupu. Tuliungama pale pale chini ya mwembe, mbele ya wote wawili. Mzee akasema, “Basi, yamepita.” Akatwaa kisu, akaukata mkungu wa ndizi tuende nao mjini.

Sasa, tunajifunza nini?

Tunajifunza kwanza kwamba yule mwenye shamba katika mfano wa Bwana ana haki ya kutafuta matunda, wala hatusemi daftari lisifunguliwe. Mungu hutaka matunda kwetu, na mti usiozaa utakatwa hatimaye. Neno hilo limo katika mfano, nasi hatuna ruhusa kulifuta. Lakini angalieni, kazi ya mtunza shamba hutangulia hukumu. Kabla ya shoka, jembe. Kabla ya kuuliza, “Tunda li wapi?” yampasa mtu ainame chini, atazame udongo penye mizizi. Sisi tulikuwa na kalamu, jembe hatukulishika. Hata katika bustani ya kwanza, mtu alipoanguka, Mungu alikuja kwa miguu wakati wa jua kupunga, akamwita na kumwuliza alipo. Aliyajua yote, walakini alikuja. Sisi tusiojua kitu tulikaa mjini tukahukumu.

La pili, ipo katika Katekisimo Ndogo ya Dakta Martin Luther, ya mwaka wa 1529, ambayo wengi wenu mmeishika kwa moyo tangu utoto. Katika maelezo ya Amri ya Nane twafundishwa kwamba haitoshi kutomsingizia jirani. Yatupasa kumtetea, na kumnenea mema, na kuyachukua mambo yake yote kwa upande ulio mwema. Twawafundisha watoto maneno hayo, nao huyasema bila kosa. Katika mkutano wetu hakuna aliyesema uongo kwa kusudi. Tulisema “labda” tatu, na zote tatu zilikuwa za upande mbaya. Hapakuwa na “labda” moja ya upande mwema, na hiyo ndiyo iliyokuwa kweli.

La tatu ni subira. Mwaka wa 1844 Johann Ludwig Krapf, mtu wa Württemberg aliyelelewa katika kanisa la Kilutheri, alishuka hapa Unguja, akapokewa kwa wema na Seyyid Said, akapewa barua ya kumjulisha kwa wakuu wa pwani. Akaenda Mombasa, na mwezi wa Julai mwaka ule ule akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwenzake Johannes Rebmann, mtu wa nchi ile ile, alifika mwaka wa 1846, akakaa hata 1875, alipoondoka hali amekuwa kipofu. Kwa miaka ile yote waliobatizwa walikuwa wachache mno. Kama mtu angalifungua daftari la Rabai baada ya mwaka wa tatu, angalisema, “Kateni.” Lakini leo pwani yote na bara twala matunda ya udongo walioupalilia.

Tena tuliporudi jioni tukapita Mkunazini, wala hatukuwa na haraka tena. Tukasimama. Tukafikiri ya kuwa mashamba mazuri ya kisiwa hiki yalilimwa kwa miaka mingi na watu walionunuliwa, na utumwa haukuondolewa katika sheria ya hapa mpaka mwaka wa 1897. Kosa la soko lile lilikuwa kumtazama mtu na kuuliza neno moja tu: atazaa nini? Tukaona haya, maana tulimwuliza ndugu yetu neno lile lile kwa daftari la kanisa. Na mwanamke asiye wa kanisa letu ndiye aliyemwuliza jirani yake, “Umeamkaje leo?” na kumchotea maji. Bwana Yesu alipouonyesha ujirani ulivyo, alimtwaa Msamaria awe mwalimu wa watu wa hekalu. Sisi tulimkuta Kizimbani.

Kwa hiyo twawasihi ninyi walimu na wazee: nendeni mkawatembelee watu wenu, na kwanza wale wakaao mbali. Msingoje kuwa na la kuwadai. Nendeni mkae, mle walichonacho, mzunguke shamba lao pamoja nao, maana shambani mtu husema asiyoyasema ofisini. Mkipokea salamu sokoni, ziandikeni siku ile ile, na juma lile lile mwende. Yako maua katika usharika yafungukayo asubuhi moja tu. Mgonjwa anangoja, aliyefiwa anangoja, kijana mwenye mashaka amejitia moyo kusema leo. Asipojiwa, kesho mlango umefungwa. Wala usiseme kwamba mkono wako ni mzito kwa kazi hiyo. Mikono ya mzee wetu ni mizito, na vanila yake imeshika.

Nasi sote tukumbuke ni nani atutunzaye. Asubuhi ya Pasaka Mariamu alimwona Bwana bustanini, akamdhani ndiye mtunza bustani. Alikosa kwa kutomtambua, lakini hakukosa sana, maana yeye ndiye atuombeaye mwaka mwingine, na ainamaye penye mizizi yetu kwa mikono yenye alama za misumari. Tusingalikuwa na jani hata moja kama asingalituombea.

Jumapili ya pili baada ya hapo Mchungaji alikwenda Kizimbani pamoja na washarika kumi na wanne. Wazee hao wawili walipokea Chakula cha Bwana chini ya mwembe, na kina mama wawili wa usharika wakapanga zamu ya kumwogesha mgonjwa, kumpumzisha yule bibi jirani. Katika daftari ile alama ya kalamu ya risasi imefutwa. Mahali pake pameandikwa neno moja kwa wino: “Atembelewe.”

Ee Bwana, mtunza bustani mwema, utusamehe salamu tulizozisahau. Utupe miguu ya kwenda na macho ya kuona, na utuache mwaka huu nao. Amina.